Nyumba ya mawe Mji Mkongwe, waifai haipandi ghorofani. Nisaidieni

Mwl_Mkunazini

Assalamu alaikum wadau, habari zenu.

Nimepekua nyuzi nyingi humu za waifai ya nyumbani, lakini nyingi ni za nyumba za tofali, ukuta inchi sita basi. Mie naishi Mkunazini, Unguja, nyumba ya familia ya mawe na chokaa. Jana nimeupima ukuta pale penye dirisha la ngazi kwa futi kamba ya fundi cherehani: sentimita 58. Na huo si mnene kuliko yote.

Nyumba ipo hivi. Chini kwa mbele ni duka la huyo fundi cherehani, mpangaji wetu. Nyuma yake ukumbi na jiko. Katikati kuna ua, upo wazi mpaka mbinguni. Ghorofa ya kwanza nakaa mie, mume wangu na watoto wawili. Ya pili yupo Bibi, ana miaka 84, hataki kushuka hata umwimbie. Anasema upepo unafika huko juu tu, na boriti za dari ya chumba kile kazihesabu tangu alipoolewa.

Mwezi uliopita tumefungiwa faiba, kifurushi cha Mbps 20, yaani kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Mafundi waliishia mlangoni: wakaweka rauta nyuma ya friji ya soda dukani, wakaaga. Nikisimama pale napata 19. Chumbani kwangu 6, siku nyingine 4. Kwa Bibi mlango ukiwa wazi 1.3, ukifungwa hapana kitu. Na faiba yenyewe tumeiweka kwa ajili yake! Kila Ijumaa baada ya Isha anaongea kwa video na ami yangu aliyeko London. Sasa picha inaganda, ami mdomo wazi, Bibi anadhani mwanawe kapatwa na kiharusi. Ijumaa iliyopita alilia, wallahi.

Akaja fundi mmoja akaniuzia ripita, kile kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena mbele, 65,000. Kaichomeka ukutani kwa Bibi, kanionesha simu: mistari yote minne imejaa. Nikalipa kwa furaha. Alipotoka nikapima: 0.9. Mistari imejaa na mtandao haupo, hilo nielezeni lipoje.

Tena nina printa ya waifai ukumbini chini. Nasomesha Jiografia sekondari, nataka nikiwa juu nitume mtihani, utoke chini. Watoto wana kompyuta yao ya mezani ghorofa ya kwanza.

Ukuta sitaki utobolewe. Mji wetu upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na hata usingekuwepo, ukuta ule ukiugusa kwa drili unamwaga mchanga kama gunia lililotoboka. Bajeti yangu 150,000. Ahsanteni.

chuga_tech

Mwalimu, nunua meshi, vile vituo vya waifai vinavyopokezana mtandao, vitatu, kimoja kila ghorofa, umemaliza. Mambo ya kuvuta waya ni ya zamani.

Mwl_Mkunazini

Nimeulizia Darajani, vituo vitatu 480,000. Kwa pesa hiyo nampelekea Bibi mwanawe mwenyewe mpaka mlangoni, nusu ya tiketi. Labda useme kuna ya bei nyingine.

kijana_wa_Temeke

Kabla hujanunua chochote, pakua programu ya bure ya kupima waifai, angalia majirani wako kwenye chaneli zipi. Pale Mji Mkongwe kila nyumba ya pili ni gesti. Kwenye 2.4 GHz (masafa ya waifai yanayofika mbali kuliko 5 GHz) kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11.

Mwl_Mkunazini

Nimefanya. Nikiwa dirishani kwa Bibi naona mitandao 23, kati yake 11 ipo chaneli ya 6. Na yetu ipo 6 hiyo hiyo.

Mzee_Chumbageni

Waalaikumu salaam Mwalimu. Nimesoma tangu juu. Mimi nipo Tanga, nimestaafu. Ujana wangu nilivuta nyaya za simu, utu uzima nikavuta za kompyuta. Nyumba kama yako niliwahi kuifunga mtandao kule Pangani, na mara ya kwanza nilishindwa vilevile, kwa hiyo sikucheki.

Tuanze na ile mistari minne, maana hapo wengi wanalizwa. Mistari ya simu inakuonesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ripita. Haikuoneshi ripita nayo inasikia nini kutoka chini. Ripita yako imekaa chumbani kwa Bibi, mahali penye 1.3. Sasa mtu asiyesikia vizuri ukimpa kipaza sauti, atapaza nini? Tena ripita za bei hiyo nyingi zina redio moja: inasikiliza kwa chaneli ile ile inayosemea, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu. Ndiyo maana hata 1.3 hukuifikia, ukaishia 0.9, na kelele za gesti za jirani juu yake. Fundi hakukudanganya kwa mistari. Kakuonesha kipimo kisicho chenyewe.

Sasa ukuta. Jiwe la matumbawe lina vishimo vishimo, linanyonya unyevu na chumvi, na maji ndiyo adui mkubwa wa waifai. 5 GHz inakata tamaa kwenye ukuta wa kwanza, 2.4 inajikokota mpaka wa pili. Na kama kuna mahali ukarabati umetia wavu wa chuma ndani ya plasta, hapo huna ukuta tena, una sanduku la bati. Kijana wa chuga asinune: vituo vya meshi vikizungumza hewani navyo vinapita kwenye ukuta huo huo. Ungetumia 480,000 ukapata 5 badala ya 1.

Lakini umetaja kitu kimoja ukakipita haraka. Ua, wazi mpaka mbinguni. Mwalimu, hiyo ndiyo njia yako. Aliyejenga ile nyumba aliuacha ua ili upepo na mwanga vifike kila chumba. Waya nao utafika.

Unachotaka ni waya mmoja wa netiweki kutoka rauta ya chini, unatoka dukani kwa juu ya mlango kwenye zile mbao za urembo zenye matundu, unaingia uani, unapanda sambamba na bomba la mvua, unaingia kwa Bibi kwa upenyo wa dirisha la mbao. Hutoboi hata tundu la sindano. Huko juu unaweka rauta ya pili, hata ya mtumba, kazi yake iwe kutawanya waifai tu. Iweke karibu na dirisha linalotazama uani, siyo kona ya ndani. Itamhudumia Bibi, na mawimbi yatashuka uani yaingie kwenu ghorofa ya kwanza kwa madirisha.

Kununua waya, hapa usikimbie. Chukua Cat5e au Cat6 (madaraja ya waya wa netiweki) wa nje, ganda jeusi. Ule wa kijivu wa ndani, jua la uani litaupasua. Mwambie muuzaji akukatie kipande, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe. Bara inaweza kudumu. Kwenu chumvi ya bahari itaila kwenye maungio kabla mvua za masika hazijarudi mara ya pili. Waya huu unaruhusiwa mpaka mita 100, wewe hufiki 30.

Vichwa vyake mpangilio ni huu, uandike kiganjani: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawasawa. Wengi wanakosea pale katikati: wanaweka kijani na mweupe wake pamoja kwa sababu vinapendeza. Visipendeze. Buluu mbili zinakaa katikati ya kijani mbili.

Kabla waya haujaingia dirishani, uache ushuke kidogo uwe kitanzi, ndipo upande uingie. Mvua itateleza mpaka chini ya kitanzi na kudondoka uani. Ukiuingiza moja kwa moja, maji yataufuata kama ngazi mpaka kwenye rauta.

Rauta ya pili, iandae kabla ya kuipandisha. Bonyeza kitundu cha nyuma kwa pini sekunde kumi ili isahau mambo ya mwenyewe wa zamani. Iunge na laptopu kwa waya, fungua kivinjari, ingia kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, kama ya chini ni 192.168.1.1. Jina la waifai na nywila viwe sawa na vya chini, herufi kwa herufi. Chaneli: ya chini 1, ya juu 11, iacheni 6 wapigane gesti. Mwisho kabisa zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Nyumba moja mgawaji mmoja. Kisha, nasisitiza, waya unaotoka chini uchomeke kwenye tundu la LAN, lolote kati ya yale manne ya mtandao wa ndani, siyo lile la peke yake lililoandikwa WAN, la kupokea intaneti.

Na rauta ya chini itoeni nyuma ya friji! Mlango wa chuma, mota, na chupa za soda ni maji matupu. Ipandisheni kwenye rafu, ila ule waya mwembamba wa faiba msiukunje kama uzi wa cherehani. Ndani yake ni kioo.

kijana_wa_Temeke

Mzee hapa umetoa darasa. Mimi nilikuwa nalipia ripita mbili.

Mwl_Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Nimechapa maneno yako kwenye karatasi, kwa printa ya chini, kwa kushuka ngazi.

Ripoti ya wiki. Waya mita 30 nimenunua kwa 1,500 mita moja, jumla 45,000. Duka la kwanza nilipotoa wembe muuzaji akasema "Bi Mwalimu, huu hapana, chukua ule", kwa hiyo nashukuru sana kwa wembe. Rauta ya mtumba 35,000. Mdogo wangu wa kiume kapandisha waya kwa kamba ya kuanikia nguo, kafunga kwenye bomba la mvua kila hatua moja. Kitanzi kipo.

Kwa Bibi: 18! Nimepima mara tatu sikuamini.

Lakini nimekwama. Nikiwa juu na laptopu, intaneti ipo safi, ila printa haionekani. Nikishuka ukumbini inaonekana. Nikipanda inapotea. Na simu ikihama ghorofa inakata kwanza ndipo inashika. Nimefanya kosa gani?

Mzee_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nipe namba mbili: anwani ya IP ya laptopu ukiwa juu, na anwani ya printa. Ya printa itoe kwenye karatasi yake ya taarifa za mtandao.

Mwl_Mkunazini

Laptopu 192.168.0.101. Printa 192.168.1.34.

Mzee_Chumbageni

Nani kachomeka waya juu?

Mwl_Mkunazini

Mdogo wangu. Nimemuuliza sasa hivi. Kachomeka tundu la buluu, anasema ndilo lenye rangi. Na ile kuingia kwenye mipangilio aliirukia katikati: kaweka jina na nywila basi. Anasema "intaneti ilipokuja nikaona imekwisha".

Mzee_Chumbageni

Tazama namba ya tatu kwenye anwani zako. Laptopu ipo mtaa wa 0, printa ipo mtaa wa 1. Rauta ya juu imejifanya mjumbe wa mtaa wake: inagawa anwani zake yenyewe na imesimama mlangoni. Anayetoka kwenda intaneti inampitisha, lakini anayebisha mlango kuuliza "printa ipo?" sauti yake inaishia huko juu. Ndiyo maana yake intaneti safi na printa hakuna.

Mwambie kijana arudi kwenye karatasi. Anwani 192.168.1.2, DHCP izimwe, waya uhame kutoka la buluu, ambalo ndilo WAN, uingie lolote kati ya yale manne ya LAN. Halafu kwenye rauta ya chini tazama ugawaji wa anwani uanzie wapi; uanzishe 100, ili .2 asije akapewa simu ya mtu. Printa mpe anwani ya kudumu humo humo kwenye rauta, isiwe leo .34 kesho .51.

Simu kukata ukihama, hilo litapungua likishakuwa mtandao mmoja. Ila simu zina tabia ya kung'ang'ania waifai ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Kama bado inasumbua, punguza nguvu ya redio ya rauta ya chini iwe ya kati. Wengi wanashangaa nikiwaambia wapunguze, lakini simu haiachi inachokisikia.

chuga_tech

Sijanuna mzee. Swali: nywila ya huo mtandao nani anayo? Fundi cherehani anakaa na wateja pale.

Mwl_Mkunazini

Umenikumbusha jambo. Jana nimeingia kwenye rauta ya chini kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaona orodha ya vifaa vilivyoungwa: 17. Sisi kwa kuhesabu na printa tuna 8. Nikashuka dukani. Nywila imeandikwa kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kubwa, ya kibandiko ile ile ya mafundi. Wateja wanasubiri suruali zao wanaangalia mpira. Yeye anasema biashara imechangamka sana mwezi huu.

kijana_wa_Temeke

😂😂 Sasa Bibi alikuwa anashindana na ligi nzima.

Mzee_Chumbageni

Usimfukuze, ni mpangaji, na kakulindia rauta. Kwenye rauta ya chini fungua mtandao wa wageni, jina lake na nywila yake, uuwekee kikomo cha Mbps 4. Wateja watatazama mpira kwa picha ya ukungu, watavumilia. Ule wa kwenu badilisha nywila, na ulinzi wake uwe WPA2, au WPA3 iliyo mpya zaidi kama vifaa vyote vinakubali. Printa za zamani mara nyingi hazikubali WPA3, usije ukanililia tena. Zima WPS, ile ya kuunga kwa kitufe au namba nane. Namba nane zinabahatishwa kwa programu ya bure. Na nywila ya kuingilia rauta yenyewe, ambayo bila shaka bado ni admin na admin, ibadilishe leo kabla ya Magharibi.

Mwl_Mkunazini

Ilikuwa admin na admin.

pemba_mwana

Samahani kudandia. Na umeme ukikatika mnafanyaje? Kwetu ukikatika, faiba inabaki hai lakini rauta imekufa.

Mzee_Chumbageni

Kuna visanduku vidogo vya betri vya rauta, ukubwa wa kitabu cha Yasini. Soma plagi ya rauta yako kwanza: 12V au 9V, na ampea ngapi. Kisanduku kitoe volti hiyo hiyo, na ampea zisipungue. Nimeona mtu kachomeka rauta ya 9V kwenye 12V. Ilifanya kazi dakika tatu, na ya nne ikanuka. Mwalimu atahitaji viwili, chini na juu. Na ukiona mvua ya radi inakuja, kabla haijaanza kunguruma, chomoa waya wa uani pande zote mbili, ule ni shaba ndefu iliyosimama nje.

Mwl_Mkunazini

Mzee wangu, narudi kutoa ripoti kama nilivyoahidi.

Mdogo wangu alikaa na karatasi saa nzima, safari hii akitia alama kila mstari. Alipozima DHCP na kuhamisha waya nilikuwa ukumbini karibu na printa, yeye juu. Akapiga kelele uani "tayariii", mara printa ikaanza kukoroma yenyewe. Ilitoa ramani ya Afrika Mashariki niliyoituma tangu juzi nikadhani imepotea. Ilitoka nakala sita, kwa sababu niliituma mara sita.

Vifaa sasa 8. Mtandao wa wageni nimeuita "Suruali Kesho", fundi cherehani mwenyewe kaupenda. Ile ripita nimemrudishia aliyeniuzia. Hakunipa pesa, kanipa taa ya dharura. Sikugombana. Jumla nimetumia 92,000 pamoja na vichwa vya waya na soda za mdogo wangu. Kisanduku cha betri kimoja nitanunua mwezi ujao kwa ajili ya chini, cha juu kitasubiri mshahara mwingine.

Jana Ijumaa, saa 3 usiku, mlango wa Bibi umefungwa: 17.8. Kaongea na ami dakika arobaini bila kukatika. Ami baadaye kanipigia kuniuliza kama nyumba inavuja, maana Bibi kashika simu akiitazamisha juu muda wote, na yeye kaziona boriti tu. Anasema zipo ishirini na mbili. Bibi anasema ishirini na tatu, hakuhesabu vizuri, arudie wiki ijayo.